Fomu za Penseli

Mtaa mzima wa Kaloleni ulimwita Mwalimu wa Ngumbaru, na mimi nitamwita hivyo hivyo, ingawa ana jina lake na jina lenyewe nalijua vizuri, maana niliwahi kuliandika bila ruhusa yake. Hilo nitalieleza. Ngumbaru, kwa asiyejua, ni masomo ya watu wazima. Kila jioni jua likizama, katika ukumbi wa kanisa pale Voi, aliwafundisha wafanyakazi wa reli, wakata mkonge na akina mama wa sokoni kusoma na kuandika. Sijamwona mtu mwingine aliyejua kumkalisha mtu mbele ya kitabu kama yeye. Wala sijamwona aliyekikimbia kitabu chake mwenyewe kama yeye. Mtihani wa kidato cha pili, ambao ungempa cheti na kumthibitisha katika kazi yake, alikuwa ameuahirisha tangu nilipokuwa mtoto wa shule. Kwa miaka mingi sikuweza kuyapatanisha mambo hayo mawili, na hata leo yananikera.

Nilimjua kwa sababu ya uvivu wangu. Nilikuwa nimeteremka kutoka milimani kufundisha shule ya msingi, mwalimu ambaye hajaenda chuo, na nikapanga chumba nyumba ya pili kutoka kwake. Ofisi ya elimu ilikuwa imetuambia wazi: bila mtihani wa kidato cha pili hakuna chuo, na bila chuo hakuna kazi. Basi nikanunua vitabu. Nikavipanga. Nikavifunga jalada la karatasi ya kaki. Nikachora ratiba ya kusoma kwa wino wa rangi tatu na kuibandika ukutani, na ilikuwa ratiba nzuri sana, kila mgeni aliisifu. Kusoma kwenyewe ndiko kulikokuwa hakujaanza.

Siku moja alikuja kuomba kiberiti, akaiona.

"Hii umeichora siku ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Na hapa panasema Hesabu, Jumanne saa kumi. Leo Jumanne. Saa ngapi sasa?"

"Saa kumi na moja. Lakini nilisema nitaanza vizuri Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Ijayo."

Aliibandua ratiba ukutani, akaikunja mara nne, akaondoka nayo pamoja na kiberiti changu. Mlangoni akageuka. "Kesho ukitoka shule uje kwangu. Uje na kitabu kimoja. Ukija na viwili nakurudisha."

Nilikwenda kwa hasira, nikitaka ratiba yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono wazi. "Viatu," akasema. Nilidhani ni adabu ya nyumba, nikavua. Akavichukua, akavitia ndani ya sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akafunga kufuli, akautia ufunguo mfukoni mwa shati. Kisha akanionyesha meza. "Utavipata gari la Taveta likiingia."

Mtu asiyewahi kuishi Voi hataelewa ukatili wa jambo hilo. Udongo wa pale mchana unaunguza, na miiba ya migunga hutawanyika hata uani. Bila viatu huendi popote. Na gari la Taveta, ile treni iliyotoka Bomeni, mjini Taveta, na kupanda polepole kupita mashamba ya mkonge, halikuwa na saa. Kwenye karatasi ya stesheni liliandikwa saa kumi. Laweza kuingia saa kumi, laweza kuingia saa kumi na mbili kasoro. Watu wengine wa mji waliacha kulitegemea zamani. Yeye aliligeuza kengele ya shule, kwa sababu, alivyosema, mwanafunzi anayejua ataachiliwa saa ngapi huanza kuhesabu dakika badala ya hesabu.

Hivyo ndivyo nilivyosoma, mwaka mzima, miguu mitupu, sikio moja likiwa relini.

Alikuwa na vita vyake hasa na kujiandaa. Kuchonga penseli hukuruhusiwa, alizichonga yeye na kukupa tatu. Maji ya kunywa yalikuwa mezani kabla hujaketi. Hata kuchagua utakachosoma alikunyima. Gari likipiga honi, ulitakiwa uache hesabu ulipofika, katikati, hata kama ulibakiza mstari mmoja upate jibu. Nililalamika sana mwanzoni. "Nimalizie tu hii, Mwalimu." Akafunga daftari mkononi mwangu. "Iache wazi. Kesho utajua pa kuingilia." Na kweli, kesho yake nilikuwa nimeibeba ile hesabu kichwani tangu alfajiri, nikifika naketi moja kwa moja, bila kuzungukazunguka.

Nikimwambia leo sina hamu, alijibu jambo lile lile: "Nani amekuuliza hamu? Keti. Ikija itakukuta umeshaanza."

Msidhani alikuwa mpole. Siku moja sehemu na desimali zilinishinda mpaka nikalia, machozi yakidondoka kwenye daftari. Yeye alikuwa akichambua pojo kwenye ungo kando yangu. Hakusimama. Alinitazama, akasogeza daftari lisiloe, akaendelea na pojo zake. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alitoka jikoni akafoka, "Wewe, mtoto wa watu analia!" Akamjibu, "Naona. Na penseli bado anayo." Nilimchukia jioni ile, nikaapa sirudi. Nilirudi kwa sababu hesabu ilikuwa imeachwa nusu.

Darasani kwake palikuwa na desturi moja ambayo sijaiona penginepo. Mwanafunzi wa ngumbaru aliandika kwa penseli mpaka Mwalimu aridhike na mkono wake. Siku hiyo aliitwa mbele, akapewa kalamu ya wino, akaandika jina lake lote mbele ya wenzake, na mwenye jina alitakiwa kuleta chai na mahamri ya darasa zima. Waliiita siku ya wino. Nilimwona mama mmoja muuza nyanya, mwenye wajukuu tayari, akipewa wino. Alisimama mbele ya ile karatasi, akasema, "Mwalimu, acha nije wiki ijayo, leo mkono ni mbaya." Mwalimu wa Ngumbaru akamwambia bila huruma, "Wiki ijayo utakuja na mkono huo huo. Andika." Akaandika. Herufi moja ilipinda ikatoka nje ya mstari. Watu walipiga makofi mpaka mchungaji akachungulia.

Huyo ndiye Mwalimu wa kwanza. Wa pili, naye ni yeye yule yule, aliishi naye nyumba moja.

Bati la jikoni lilivuja miaka yote niliyowajua, na msumari ulikuwa juu ya kabati, ukingoja siku nzuri. Jino lilimsumbua tangu nilipofika mpaka likadondoka lenyewe. Ndugu yake wa Ndara alimwandikia barua, na barua hiyo ilikaa mezani ikingoja jibu mpaka ndugu mwenyewe akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa. Tulicheka mambo hayo, naye alicheka nasi. Nilidhani ni uzembe wa kawaida, ule wa mtu anayewashughulikia wengine akajisahau.

Kisha siku moja gari likapiga honi naye Mwalimu hayupo, ameitwa kanisani. Mama Mwalimu alinirushia ufunguo. Nikafungua sanduku, nikatoa viatu vyangu, na chini yake nikaona bahasha kubwa. Sikupaswa kuifungua. Niliifungua. Ndani mlikuwa na fomu saba za kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha pili, za watahiniwa wa nje, kila moja ya mwaka wake. Zote zimejazwa jina lake, masomo yake, anwani yake ya posta, na sahihi yake chini. Zote kwa penseli.

Mama Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kila mwaka hupanda ofisi ya elimu, Wundanyi, kuichukua," akasema. "Huijaza siku hiyo hiyo. Husema wino atapitisha kesho."

"Na kesho?"

"Huko chini ya viatu ndiko kesho."

Nilirudisha bahasha. Nilitakiwa nimwambie. Nilijiambia nitamwambia siku moja, akiwa na moyo mzuri, mimi nikiwa na maneno mazuri. Mwishoni mwa mwaka nikafanya mtihani wangu, nikafaulu, nikaenda chuo. Nikamwandikia barua ya shukrani ambayo haikugusa jambo lile hata kidogo.

Nilirudi Voi nikiwa mwalimu kamili, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikapanga chumba kile kile. Alikuwa amekonda zaidi na nywele zimekuwa nyeupe, lakini darasa lilijaa kuliko zamani. Serikali ilikuwa imeamka juu ya masomo ya watu wazima na vijana waliomaliza kidato cha nne walikuwa wakitafuta kazi hiyo. Siku moja ofisi ya elimu ikaleta tangazo, likabandikwa mlangoni mwa ukumbi. Mwalimu yeyote wa watu wazima asiyekuwa na cheti cha kidato cha pili angefanya mtihani mwaka ule. Asiyefanya, darasa lake lingepewa mwingine Januari.

Walilisoma wanafunzi wake wenyewe, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alikuwa amewafundisha vizuri mno. Pointimani mmoja wa reli, jitu la miraba minne lililotumia maisha yake kugeuza njia za treni, alimaliza kusoma akageuka, "Mwalimu, lakini wewe cheti si unacho?"

"Hilo ni jambo la ofisi," akajibu. "Fungueni ukurasa wa kumi na mbili."

Alipanda Wundanyi akaleta fomu. Mwisho wa kuipokea ulikuwa Ijumaa saa sita. Jumatatu nilimuuliza, akasema ameshaijaza. Jumatano nilimuuliza, akasema karani wa ofisi ya elimu hayuko. Karani alikuwepo, nilikuwa nimemwona mwenyewe. Alhamisi baada ya shule nilikwenda kwake. Hakuwepo. Mama Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, bahasha mapajani. Alitoa fomu ya juu, ya mwaka ule, akaiweka mezani, pale pale nilipokuwa nikisomea, akaweka kalamu ya wino juu yake.

"Mimi nakwenda kuchota maji," akasema. "Sikuona kitu."

Naweza kusema nilifikiri sana. Sikufikiri. Niliketi nikapitisha wino juu ya kila herufi yake, taratibu, jina la kwanza, la pili, la tatu, kisha masomo, kisha anwani. Nilipofika kwenye sahihi mkono ulisimama. Kupitisha wino juu ya sahihi ya mtu ni kosa, na mimi mtumishi wa serikali nilijua ni kosa. Nikapitisha. Asubuhi niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikasema naumwa, nikapanda basi la Wundanyi, nikaikabidhi fomu saa tano unusu. Tumbo lilikuwa likiniuma kweli wakati huo, hivyo sikusema uongo kabisa.

Wiki tano baadaye kadi yake yenye namba ya mtahiniwa ilifika posta. Alikuja shuleni kwetu nayo, wakati wa mapumziko, akanikuta nasahihisha madaftari darasani peke yangu.

"Nani ameniandikia jina langu?"

"Uliliandika wewe. Mimi nilipitisha wino."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Hakuna!" Aliigonga kadi mezani kwa kiganja. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti. "Umesoma kwangu, umekula kwangu, leo umekuwa mkubwa wa kunisainia! Unajua umefanya nini wewe? Unajua nikianguka itakuwaje? Yule pointimani nimemfundisha kuandika jina lake. Yule mama wa nyanya. Kesho watasikia mwalimu wao ameanguka mtihani wa watoto wa miaka kumi na sita. Watasema tulifundishwa na nani basi?"

"Usipofanya utaondolewa, Mwalimu. Darasa litachukuliwa."

"Kuondolewa si kuanguka!"

Alisikia alichokisema. Nilimwona akikisikia. Akachukua kadi yake, akaifuta vumbi la chaki kwa mkono wa shati, akatoka. Kutoka siku ile hakunisalimu tena. Tulipishana njiani kila siku, nyumba mbili, naye alitazama mbele. Kitu kibaya zaidi ni kwamba sikujua kama anasoma. Nilikuwa nikipita uani kwao alasiri, nikinyoosha shingo. Mlango ulifungwa.

Mtihani ulikuja Novemba, joto la kuvunja mawe. Watahiniwa wa nje walifanyia shule moja ya pale mjini, na nilipangiwa kuwa msimamizi, pamoja na mwalimu mmoja mkali aliyetoka Mwatate. Karatasi ya kwanza ilikuwa Hesabu, saa tatu. Sheria ilikuwa wazi, tena niliisoma mwenyewe mbele ya chumba: ikifika saa tatu na nusu, aliye nje abaki nje.

Saa tatu meza zote zilikuwa na watu isipokuwa moja, karibu na dirisha. Nilizigawa karatasi. Ile moja nikaiweka juu ya meza tupu, uso chini.

Saa tatu na dakika kumi nilimwona. Alikuwa nje ya ua wa michongoma, upande wa barabara, amevaa shati jeupe, kadi mkononi. Amesimama. Hakuwa anakuja wala hakuwa anaondoka. Niliganda. Msimamizi haruhusiwi kutoka chumbani, wala kumwita mtu, wala kuashiria. Na hata kama ningeruhusiwa, mtu huyu hakuwa akizungumza nami. Nilitembea kati ya meza nikirudi dirishani kila mara.

"Yule mzee ni mzazi wa nani?" mwenzangu akaninong'oneza.

"Si mzazi."

Dakika kumi na tano. Alipiga hatua tatu kuelekea lango, akasimama kufunga kamba ya kiatu ambayo, nina hakika, ilikuwa imefungwa. Dakika ishirini. Alikwenda kwenye bomba la maji, akanawa mikono, akaikung'uta, akanawa tena. Alikuwa anajiandaa, Mungu wangu, alikuwa anajiandaa! Nilitaka kupiga kelele. Nilijikuta nimeshika fremu ya dirisha, jasho linanitiririka mgongoni, nikimlaani kimoyomoyo kwa maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima. Dakika ishirini na tano. Mwenzangu alitazama saa yake na kuanza kutembea kuelekea mlangoni, tayari kuufunga.

Aliingia zimebaki dakika mbili. Hakunitazama. Alimwonyesha mwenzangu kadi, akaketi, akageuza karatasi, akaanza kuandika bila hata kusoma maagizo.

Matokeo nitayasema hapa hapa, kwa sababu siyo ninayoyakumbuka. Alipita, kwa lile daraja la mwisho kabisa linalohesabiwa kupita, na darasa lilibaki lake mpaka alipostaafu. Ninachokikumbuka ni mwisho wa karatasi ile ya kwanza.

Nilitangaza kalamu chini. Watu wakaweka. Nikakusanya safu kwa safu, nikafika kwake, naye alikuwa bado ameshika karatasi kwa mikono miwili. Nilivuta. Hakuachia.

"Wakati umeisha, Mwalimu."

"Kuna moja sijaimaliza."

"Najua. Achia."

Tulivutana, mwenzangu akiwa amegeuka kuhesabu bahasha. Kisha vidole vyake vikalegea. Wengine walitoka kutafuta kivuli, akabaki kwenye kiti, akiitazama meza ambayo sasa haikuwa na kitu.

"Kumbe ni hivi tu?" akasema.

"Ni hivi tu."

"Saa mbili. Saa mbili tu, mwanangu, na mimi nimeikimbia miaka kumi na minane." Aliponiinulia macho yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa ya mtu anayeomba huruma. "Zile fomu uliziona lini mara ya kwanza?"

Ningeweza kudanganya. "Mwaka ule niliosomea kwako."

"Ni miaka kumi."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza miaka kumi?"

"Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuambia."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshika karatasi za watu thelathini na sikujua pa kuziweka. Nililia mbele yake kwa mara ya pili maishani, na safari hii hakuwa na ungo wa pojo wa kujifichia, aliniangalia tu. Akasimama, akajipangusa suruali, akauliza karatasi ya pili ni saa ngapi. Nikamwambia saa nane.

"Nitakuja saa nane kasoro," akasema. "Usinitazame dirishani."